Pombe na Mama Mjamzito: Wajibu wa Chama cha Msingi

(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya kahawa, mteremko wa Kilimanjaro)



Kazi ya chama cha msingi ni kupima kahawa, kutunza madaftari na kulipa wanachama. Yaweza kuulizwa, basi, kwa nini mazungumzo ya leo yahusu mama mjamzito na pombe. Jibu lake li karibu. Siku ya malipo ndiyo siku ambayo vilabu vya pombe hujaa. Mkutano ukiisha, kibuyu cha mbege huzunguka. Mwanamke mwenye mimba aliyeketi hapo hupokea kama wenzake, kwa kuwa kukataa alichopewa na mzee huhesabiwa kuwa ni dharau. Kwa hiyo jambo hili si la zahanati peke yake.

Kwanza ifahamike njia ambayo kileo hupita. Mama anywapo, kileo huingia katika damu yake, hupenya kondo la nyuma, na kumfikia mtoto kwa njia ya kitovu. Kondo halikizuii. Baada ya muda mfupi, kileo katika damu ya mtoto hukaribia kiasi kile kile kilicho katika damu ya mama. Tofauti ni kwamba ini la mama ni pevu na laweza kukivunja kileo, bali ini la mtoto bado ni changa.

Viungo vingi hufanyika katika majuma ya mwanzo, mara nyingi kabla mama hajajijua kuwa ana mimba. Ubongo nao hujengwa katika miezi yote 9. Kwa sababu hiyo, hakuna mwezi ambao waweza kuitwa mwezi wa salama.

Madhara yake ni mengi. Mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa kabla ya wakati na kwa uzito mdogo. Wengine huzaliwa na macho madogo, mdomo mwembamba wa juu, na kile kifereji kilicho kati ya pua na mdomo kikiwa kimetandazika. Walio wengi, hata hivyo, hawana alama yoyote usoni. Madhara yao hujitokeza shuleni: mtoto hasahihishiki kwa urahisi, husahau alichofundishwa jana, hesabu humshinda, na hutenda bila kufikiri. Wazazi na walimu humwita mtukutu, naye huadhibiwa kwa kosa ambalo si lake. Madhara hayo hayana dawa ya kuyaondoa, ingawa mtoto aliyetambuliwa mapema na kusaidiwa kwa subira huendelea vizuri zaidi.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1968, daktari Paul Lemoine wa mji wa Nantes, Ufaransa, alieleza habari za watoto 127 wa wazazi walevi. Mwaka 1973, madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, waliupa ugonjwa huo jina. Barani Afrika, funzo kubwa latoka katika mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini. Huko vibarua walikuwa wakilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Desturi hiyo ilipigwa marufuku, lakini mazoea yalibaki, na eneo hilo ni miongoni mwa yale yenye watoto wengi zaidi walioathirika duniani. Hapo yaonekana kwamba malipo ya mkulima yakifungamana na pombe, hasara humfikia hata asiyezaliwa.

Wako wasemao kuwa bia au mbege si kali kama gongo. Hesabu yasema vingine. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo asilimia 5 hubeba takriban gramu 20 za kileo halisi. Gilasi ndogo ya mililita 50 ya pombe kali yenye asilimia 40 hubeba gramu 16. Ukali wa mbege nao hubadilika kwa kadiri ya siku ilizochachuka, wala hakuna aupimaye. Kiasi kilichothibitishwa kuwa ni salama kwa mjamzito hakipo.

Wengine husema bia nyeusi huongeza damu, na mbege huongeza maziwa. Damu huongezwa na maharage, mboga za majani, nyama, na vidonge vya madini ya chuma vitolewavyo kliniki. Kileo hupunguza utokaji wa maziwa, nacho hupita ndani ya maziwa hayo. Ulezi ni chakula chema ukiwa uji, na wazee waliompikia mzazi mtori walijua walitendalo.

Yuko pia mama apikaye pombe ili apate karo ya watoto. Huyo huonja mara nyingi kwa siku, na kuonja ni kunywa. Asilaumiwe; mwingine amwonjee. Chama chenye mfuko wa mikopo midogo kimfikirie mapema ili apate biashara nyingine.

Vyama vyaweza kutenda haya yafuatayo:

1. Mikutano na siku za malipo ziwe na chai, uji au maji, na pombe isiuzwe katika uwanja wa chama.

2. Wazee watangaze hadharani kuwa mjamzito akikataa kibuyu hakuvunja heshima ya mtu, na asibembelezwe.

3. Mume asipeleke pombe nyumbani mkewe awapo na mimba, na ikiwezekana naye aache.

4. Muuguzi wa zahanati aalikwe katika mkutano mkuu wa kila mwaka.

Mama aliyekunywa kabla hajajua asikate tamaa. Kuacha leo humfaa mtoto, uwe mwezi wa pili au wa saba. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake, maana yaweza kumletea hatari. Aende kituo cha afya asaidiwe.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mara nyingi mama huyu hakulichuma peke yake; alikabidhiwa mkononi na wenziwe. Basi wenziwe na waanze kuuzuia mkono huo.