Ombi la Ukumbi



Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha wilaya sita, zikiwamo Mafia, Ukerewe na Masasi, zikatakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma ifikapo mwisho wa 1971. Katika Kanda ya Ziwa, mkulima wa pamba alijifunzia herufi katika kitabu cha pamba, na mvuvi katika kitabu cha uvuvi. Mwaka 1973, vikundi vya Mtu ni Afya vilisikiliza redio, kisha vikachimba vyoo.

Mwezi uliopita, mama mmoja wa mtaa huu alinipa kadi ya kliniki nimsomee. Tarehe yake ilikuwa imepita siku tisa.

Shule ya jirani hutupatia vyumba jioni, nasi twashukuru. Lakini wazee huona haya kukalia madawati ya wajukuu wao. Hata baadhi ya bibi zetu hapa husoma Kigujarati pekee.

Naomba basi, kwa unyenyekevu, ukumbi huu kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja hadi saa moja. Mikeka tunayo, ubao tutaleta. Viatu tutavivua mlangoni.