Mwenye Amri na Mwenye Ufunguo



Alfajiri ya Mei 27, 2021, wakazi wa Goma, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, walitangaziwa wahame. Aliyetangaza alikuwa gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Luteni Jenerali Constant Ndima. Mitaa 10 kati ya 18 ya mji ule iondoke mara moja, Majengo, Murara na mingine. Siku tano kabla ya hapo, jioni ya Mei 22, mlima Nyiragongo ulikuwa umelipuka. Lava ilishuka hadi ukingoni mwa mji, ikateketeza nyumba na kukata barabara kuu iendayo kaskazini. Watu wapatao 30 walikufa. Ardhi iliendelea kutetemeka, na wataalamu wakahofia kwamba moto wa chini ulikuwa umepenya chini ya mji wenyewe na chini ya ziwa, tena ziwa lenye gesi nyingi vilindini mwake.

Utaniuliza, ya Goma yanatuhusu nini sisi wa Kisumu? Volkano zetu zililala zamani sana. Mlima Homa ni mabaki ya volkano, na ziwa la Simbi Nyaima kule Kendu Bay ni shimo la volkano lililojaa maji. Kinachotufukuza sisi makwetu ni mafuriko. Lakini kila mto Nyando unapovunja kingo, husikika hoja ileile: gavana wetu amefungwa mikono, apewe mamlaka ya dharura aweze kuwaondoa watu kwa nguvu. Sasa Goma walikuwa na gavana ambaye mikono yake haikufungwa hata kidogo, na yaliyowapata yanafaa kutazamwa.

Mwanzoni mwa Mei mwaka ule, Rais Félix Tshisekedi alikuwa ameweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya makundi yenye silaha. Viongozi wa kiraia walipisha maofisa wa jeshi na polisi. Kwa hiyo Nyiragongo ulilipuka mamlaka yote yakiwa tayari mkononi mwa mtu mmoja. Akaamuru, na watu wakaitika. Waliohama walihesabiwa kwa malaki. Wengine walikwenda Sake, wengine Rutshuru, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda, wengine wakapanda meli hadi Bukavu. Huko walikofika, mapokezi hayakulingana na amri. Walilala makanisani na madarasani, maji safi hayakutosha, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao njiani. Baada ya siku chache baadhi yao walianza kurudi wenyewe bila kungoja ruhusa, na serikali ilitangaza kurudi kwa awamu mwezi Juni. Mlipuko wa pili haukutokea.

Simlaumu jenerali kwa kutoa amri. Ukiambiwa na wanaojua kwamba ardhi inaweza kupasuka chini ya mji, huwezi kukaa ukingoje uhakika. Ninalolitazama ni lile lililotangulia. Kituo cha Goma cha kuchunguza volkano kilikuwa kimekaa miezi kadhaa bila intaneti kwa kukosa pesa za kulipia, baada ya ufadhili wa Benki ya Dunia kumalizika mwaka 2020. Wanasayansi hawakuweza kufuatilia vipimo vya mlima kama ilivyopaswa, mlima ambao mwaka 2002 ulikuwa umeshapitisha lava katikati ya mji huohuo. Serikali ilipata bunduki za kutosha kusimamia mkoa mzima, ikakosa pesa za intaneti.

Turudi kwetu. Katiba ya 2010 imeweka udhibiti wa majanga mikononi mwa serikali ya kitaifa na ya kaunti pia. Hali ya hatari hutangazwa na rais peke yake, na bila Bunge la Taifa kuongeza muda haipiti siku 14. Chifu, kamishna wa kaunti na polisi wako chini ya Nairobi. Ndiyo maana gavana anaweza kuleta mashua, blanketi na ambulensi hadi Ombaka katika nyanda za Nyando, lakini hawezi kumtuma afisa wa polisi akamtoe mtu nyumbani kwake. Chifu naye anaweza kuja na polisi na amri, na asiwe na hema hata moja la kumpa anayehama.

Aprili 30, 2024, siku moja baada ya maji kuwaua watu wengi usiku kule Mai Mahiu, Baraza la Mawaziri liliwapa wanaoishi maeneo ya hatari saa 48 waondoke. Waende wapi? Katika nyanda za Nyando jibu huwa ni lilelile: shule ya msingi iliyo mahali pa juu. Sasa muhula wa pili ulikuwa ufunguliwe Aprili 29. Ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, shule zikafunguliwa Mei 13. Ufunguo wa darasa anao mwalimu mkuu, ambaye si mtu wa gavana wala wa kamishna, na ambaye kengele ikilia anahitaji madarasa yake. Mama aliyetandika mkeka humo hana amri ya serikali inayomwambia aende wapi tena.

Halafu kuna wale wanaokataa kuondoka. Viongozi huwaita wakaidi. Mimi nawaona watu wanaopiga hesabu. Mama na watoto huenda shuleni, baba hubaki na ng'ombe, kwa sababu hakuna tangazo lililowahi kusema ng'ombe walale wapi, wala nani atalinda mabati na milango isiibwe. Ukimtoa mtu yule kwa nguvu jioni, usiku atakuwa amerudi, tena kwa kuvuka maji gizani.

Kwa hiyo siungi mkono kumwongezea gavana mamlaka ya kufukuza. Ningeunga mkono sheria inayombana yeyote anayeamuru, awe gavana au waziri, kwamba tangazo lake litaje mahali pa kwenda, mahali pa mifugo, na nani atasema sasa rudini.

Na ufuatiliaji uje kwanza. Nyando hufurika kwa mvua iliyonyesha milimani, Nandi na Kericho, mvua ambayo mtu wa Ahero huku nyandani huenda hakuiona kabisa. Mtu aliye juu huko anayaona maji kabla ya watu wa Kadibo huku chini kuyaona. Saa hizo chache ndizo zinazotosha kuhamisha mifugo, zikipata mtu wa kupiga simu na mtu wa kuipokea. Wazee wetu wanasimulia kwamba kijiji cha Simbi kilizama kwa kumfukuza bikizee mgeni, na akaokoka mwanamke mmoja tu aliyemkaribisha na kuambiwa aondoke. Nikiisikia hadithi ile siku hizi, nawaza kwamba onyo lilikuwapo, ila lilimfikia mtu mmoja.

Liko na suala la pesa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, na malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Pesa hizo ni za haja ya haraka isiyotabirika. Haya, mafuriko ya Nyando hayatabiriki? Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likavunja rekodi ya 1964. Maji yaliingia majumbani na katika fuo za samaki, na hakuna aliyesahau. Jambo linalorudi hivyo linastahili fungu lake ndani ya bajeti yenyewe: mashua, mahema, zizi la muda, vipima maji mtoni.

Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya Juni 30, na mvua ya masika huanza Machi. Mwakilishi wa wadi yako akija kutafuta maoni ya umma, muulize fungu hilo limeandikwa ukurasa gani, na ufunguo wa shule utakuwa kwa nani.