SHULE INAPOPUNGUKIWA NA FEDHA

Katika somo lililopita tulitazama hesabu ya nyumba moja. Jioni hii tutazame hesabu ya shule nyingi pamoja, na mfano wetu ni Hawaii, visiwa vya Marekani vilivyo katika bahari ya Pasifiki.

Mahali pengi katika Marekani kila wilaya ya shule ina halmashauri yake, nayo hutegemea sana kodi ya nyumba na ardhi. Hawaii sivyo. Visiwa vyote ni wilaya moja, na fedha za shule hutoka zaidi katika hazina ya jimbo. Basi uchumi ulipoharibika mwaka 2008, watalii walipungua, kodi ikapungua, na shule zote zikaguswa pamoja.

Sasa chukua kalamu na karatasi. Andika 100. Katika shule za Marekani, kadiri ya 80 katika kila 100 ni mishahara ya watu, pamoja na matibabu na pensheni zao. Hizo 20 zinazobaki ni za umeme, mabasi, vitabu, na paa linalovuja. Ukiambiwa upunguze 10, utazitoa wapi? Ukizitoa zote katika hizo 20, umekata nusu, na basi la watoto halitoki. Mtu asemaye "punguzeni chaki tu" hajaitazama hesabu yenyewe.

Hawaii hawakutaka kuwaachisha walimu kazi. Mwaka 2009 serikali na chama cha walimu walipatana kwamba shule zifungwe Ijumaa 17 katika mwaka, na siku hizo walimu wasilipwe. Mshahara ulipungua kwa kadiri ya asilimia 8. Ijumaa ya kwanza ilikuwa tarehe 23 Oktoba. Siku za masomo zikashuka kutoka 180 hadi 163.

Katika karatasi hesabu ilikaa sawa. Lakini gharama ilikuwa imehamia nyumbani kwa watu. Mama afanyaye kazi hotelini, Ijumaa afanyeje? Akae nyumbani akose ujira, au amlipe mtu wa kumtunzia mtoto? Na mtoto aliyezoea kula mchana shuleni, siku hiyo hula kilichopo nyumbani, kama kipo. Hayo hayaandikwi katika hesabu ya jimbo.

Aprili 2010 wazazi walikwenda kuketi katika ofisi ya gavana, Honolulu, wakakataa kuondoka; wengine wakakamatwa. Mwaka huohuo zilitolewa dola milioni 57 kutoka akiba ya tufani, iliyoanzishwa baada ya tufani Iniki ya mwaka 1992, na Ijumaa za mwaka uliofuata zikarudishwa. Mimi naona walifanya vema. Hata hivyo, msikilizaji, angalia: akiba ile ilitumika mara moja, na mshahara hudaiwa kila mwezi.

Kabla ya somo lijalo, irudie ile karatasi yako. Toa 10 katika 100, na kando ya kila tarakimu unayoikata, andika ni nani atakayeilipa. Njoo nayo katika kikundi chenu. Kwaherini.