Tabora, njia panda ya reli

Msikilizaji, ukitaka kujua nguvu ya kiungo katika mtandao wowote, itazame Tabora. Karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo ilitua Unyanyembe, eneo la Tabora, ikanunua chakula, ikaajiri wapagazi, kisha ikagawanyika: mingine Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya Ujiji. Biashara ya pembe za ndovu ikayumba, na msafiri Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Reli ya Wajerumani nayo ilipita hapohapo, na mwaka 1928 tawi likafika Mwanza. Sasa inajengwa reli ya kisasa, nayo inapitia Tabora. Tunasifu mno mwendokasi wa treni zake. Lakini kwa kuwa nguvu ya mtandao iko kwenye kiungo, mimi ningeuliza kwanza habari za karakana na njia za kupishania treni pale stesheni.