Amana ya Kazi na Msongo wa Mawazo katika Mwezi wa Ramadhani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.



Ndugu zetu wa Kiislamu, wengi wetu tuliokusanyika hapa Kenton usiku huu tumetoka kazini: wodini, katika nyumba za wazee, kwenye mabasi na maghala. Na baada ya tarawehe wapo watakaoingia zamu ya usiku. Yafaa basi tuzungumze juu ya msongo wa mawazo unaotokana na kazi.

Tusiuhesabu msongo huo kuwa ni udhaifu wa imani. Mtu aliyeelemewa husahau, hukasirika upesi, hukosea. Na akikosea muuguzi, anayedhurika ni mgonjwa. Kisha huugua, kazi yake ikawaangukia wenzake, nao wakaelemewa, hata taasisi nzima ikadhoofika. Mwajiri aliyedhani amepata faida kwa kuwabana watu wake, hasara humrejea.

Mtume (S.A.W.) alimfundisha Abu Dharr kuwaona watumishi kuwa ni ndugu, wasitwishwe kazi inayowashinda, na wakitwishwa, wasaidiwe. Sheria za hapa zimeikurubia maana hiyo. Mwajiri analazimika kupima hatari ya msongo kazini, na mamlaka ya afya na usalama kazini, HSE, imetaja mambo sita ya kuangaliwa: wingi wa kazi, uhuru wa kuipanga, msaada, mahusiano, uwazi wa majukumu na namna mabadiliko yanavyoendeshwa. Tena, tangu tarehe 6 Aprili 2024, mwajiriwa ana haki ya kuomba kubadilishiwa saa za kazi tangu siku yake ya kwanza. Kuomba si kupewa, lakini anayenyamaza hasaidiwi. Tuombe mapema, kwa maandishi na kwa adabu.

Wala agizo la Mtume halimhusu mwajiri wa Kiingereza peke yake. Wapo miongoni mwetu wenye maduka na wafanyakazi. Na jumuiya nayo ni mahali pa kazi: mama zetu wanaotupikia futari nao wamefunga kama sisi. Basi zamu za jikoni zigawanywe, na vijana wa kiume waoshe masufuria.

Allah atutakabalie saumu zetu, na awape wepesi wote walioelemewa. Amin.