Nguo Huoza, Kigae Hubaki
Mazungumzo na wanakisomo wa Mahurunga



Leo tuzungumze juu ya nguo. Si nguo za dukani, bali nguo walizofuma wazee wa pwani hii karne nyingi zilizopita. Mtu atauliza: "Nguo ya zamani hivyo itaonekana wapi? Si imekwisha oza?"

Swali hilo ni zuri. Kweli, nguo huoza. Ukifukia kipande cha kaniki katika udongo huu wetu, mchwa watakila na unyevu utamaliza kilichobaki. Lakini kazi ya kutengeneza nguo huacha alama. Wataalamu wa mambo ya kale huzifuata alama hizo.

Alama ya kwanza ni kigae. Msokotaji wa pamba hutumia kijiti chembamba. Katika kijiti hicho hutia kitu kizito cha mviringo chenye tundu katikati. Uzito ule hufanya kijiti kizunguke kwa muda mrefu, kama pia ya watoto, na pamba ikawa uzi. Wazee wa pwani walitumia kigae cha chungu kilichovunjika. Walisugua kingo zake mpaka kikawa mviringo, kisha wakakitoboa. Kijiti kimeoza, uzi umeoza, kigae kipo.

Kule Kilwa Kisiwani, mtaalamu Neville Chittick alichimba katika miaka ya 1960. Alikuta vigae vingi vya namna hiyo. Tena mwaka 1505, Wareno walipoiteka Kilwa, habari zao ziliandika kwamba pamba nzuri ilimea kisiwani. Basi kigae na maandishi vinasema neno moja.

Wataalamu hukipima kigae. Kikiwa chepesi, kilifaa uzi mwembamba. Kikiwa kizito, kilifaa uzi mnene.

Alama ya pili ni madini. Nguo ikigusana na shaba ardhini, kutu ya shaba huizuia isioze upesi. Huko Ingombe Ilede, katika bonde la mto Zambezi nchini Zambia, yalichimbuliwa makaburi ya zamani katika miaka ya 1960. Watu walikuwa wamezikwa na bangili za shaba. Katika bangili zile vilikutwa vipande vya nguo ya pamba vimeganda. Vipande vya namna hiyo hutazamwa kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Mtaalamu huhesabu nyuzi, na hutazama kama uzi ulisokotwa kuelekea kulia au kushoto. Hilo husaidia kujua nguo ilitoka wapi, maana kila nchi ilikuwa na desturi yake.

Sasa tuje karibu na kwetu. Ng'ambo ya mto wetu Ruvuma, ukishuka kusini katika pwani ya Msumbiji, vipo Visiwa vya Kirimba. Wareno wa zamani waliandika kwamba huko zilifumwa nguo zilizotiwa rangi ya nili. Waliziita maluane. Na huko Sofala, kusini zaidi, Mreno Duarte Barbosa aliandika katika miaka ya 1510 habari ya ajabu. Wafumaji wa huko walikosa rangi. Wakachukua nguo za rangi kutoka Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Hiyo ni akili, ndugu zetu!

Wako wanaodhani babu zetu walikaa wakingoja jahazi lilete nguo. Si kweli. Nguo za kigeni zilikuja, naam. Hata jina merikani linatukumbusha nguo zilizotoka Marekani katika karne ya 19. Lakini kabla ya merikani, watu wa pwani walisokota na kufuma wenyewe.

Sasa, haya yanatuhusu nini hapa Mahurunga? Yanatuhusu sana. Sisi tunalima, tunachimba visima na misingi ya nyumba. Siku moja jembe litagonga kigae chenye tundu, au bangili yenye kutu. Kikitupwa, habari yake imepotea. Kikiuzwa, imepotea pia. Maana kigae peke yake hakisemi mengi. Husema zaidi kikijulikana kilikuwa wapi, kina gani, na pamoja na vitu gani.

Basi tufanye hivi:

Kwanza, tuache kuchimba mahali pale.

Pili, tusikioshe wala kukisugua kwa mchanga. Huenda nguo yenyewe imo katika kutu ile.

Tatu, tuandike: tarehe, jina la mahali, kina cha shimo, na jina la aliyekiona.

Nne, tumpelekee karatasi hiyo mtendaji wa kijiji, ili ifike kwa afisa utamaduni wa wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863.

Wazee waliosokota uzi ule hawakutuachia barua. Walituachia vigae. Sisi tumejifunza kuandika. Tusipoandika kigae kilionekana wapi, nani ataandika?