KUOSHA NA KUKAUSHA BODI ZA MONITA KUUKUU

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani, katika ukumbi wa shule)



Ndugu Mwenyekiti alipotangaza kwamba nitazungumza juu ya kuosha bodi, niliwaona wazee wawili watatu wakitazamana. Sina budi kuwatoa wasiwasi mapema. Sizungumzii Bodi ya Shule, wala bodi ya shirika lolote la umma, ingawa katika utumishi wangu nimepata kuona kadhaa ambazo zingefaa kuoshwa. Nazungumzia bodi ya saketi, yaani lile bapa lenye njia nyembamba za shaba ambalo juu yake hulehemewa transista, kapasita na vifaa vinginevyo.

Sababu ya kuchagua jambo hili ni barua ya mwalimu wa Fizikia. Alinieleza kwamba katika stoo ya maabara mna osiloskopu mbili na televisheni tatu za tyubu, zote zimejaa vumbi, na kwamba zimekwisha kuandikwa katika orodha ya vifaa chakavu vinavyongoja kutupwa. Vijana wa Klabu ya Sayansi walitaka kuzifungua, wakaambiwa na fundi mmoja kwamba hazifai, kwa kuwa uchafu umegandamana na brashi kavu haiutoi. Walipouliza kama zinaweza kuoshwa kwa maji, akacheka. Basi nimekuja kujibu swali hilo, maana naona waliuliza swali zuri.

Jibu lake nililiona Marekani, nilipokuwa masomoni katika jimbo la Illinois. Jumamosi nilikuwa nikimsaidia fundi mmoja mzee aliyetengeneza mashine za michezo ya video, zile kubwa kama kabati, ambazo mchezaji hutumbukiza sarafu na kucheza akiwa amesimama. Mashine hizo zilienea sana baada ya mchezo wa Space Invaders kutoka Japani mwaka 1978, na Pac-Man mwaka 1980. Hata leo yako majumba yanayozitunza na kuwafungulia watu wazicheze, kama Galloping Ghost huko Brookfield, karibu na Chicago. Ndani ya kila kabati mna monita, na monita hiyo kwa hakika ni televisheni isiyo na sehemu ya kupokea mawimbi. Mashine ya kwanza ya Pong, mwaka 1972, ilitiwa televisheni ya kawaida ya Hitachi iliyonunuliwa dukani. Kwa hiyo ninayoyasema juu ya monita za Wells-Gardner za Chicago, au za Electrohome za Kanada, yanahusu pia televisheni zilizomo katika stoo yetu.

Kwa nini monita ichafuke kuliko redio? Wale mliokuwa na televisheni ya tyubu nyumbani mnakumbuka kwamba ukipitisha mkono karibu na kioo, malaika husimama. Tyubu ya rangi ya inchi 19 huhitaji umeme wa volti kama 20,000 au zaidi ili kuvuta elektroni zifike kwenye kioo. Umeme huo huvuta na vumbi. Ongeza moshi wa sigara wa majumba yale, uliopanda miaka kwa miaka ndani ya kabati ukaacha utando wa rangi ya kahawia unaonata kama asali. Vumbi likitua juu ya utando ule halipeperuki tena. Halafu kapasita za elektroliti zikizeeka huvuja, na uvujaji wake hula shaba na kupitisha umeme pasipotakiwa. Chini ya tope hilo ndimo zilimojificha nyufa za lehemu, na nyufa hizo ndizo chanzo cha kasoro nyingi za monita. Hutaziona mpaka bodi iwe safi. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuosha. Kupendeza ni nyongeza tu.

Sasa hofu ya maji. Watu huona maji na umeme haviishi nyumba moja, nao wana haki. Lakini bodi iliyokatiwa umeme, iliyokwisha kumaliza chaji yake, haina umeme wa kudhuriwa nao. Kidato cha Pili mmefanya jaribio la elektrolisisi: maji yenye chumvi, waya mbili, betri. Ondoa betri, hakuna kitakachotokea. Bodi yenye maji huharibika pale inapowashwa kabla haijakauka, au pale maji yanapokauka na kuacha chumvi zake. Viwandani bodi huoshwa baada ya kulehemewa. Wakati fulani viwanda vingi vilitumia kimiminiko cha CFC-113, mpaka Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ya kulinda tabaka la ozoni, ilipovilazimisha kukiacha, na vingi vikageukia maji. Na kwa habari ya osiloskopu, mafundi wa Tektronix, kampuni mashuhuri ya Oregon iliyozitengeneza, walikuwa wakiziosha zile zilizoletwa matengenezo kwa maji na sabuni, kisha wakizikausha katika joko la joto la chini. Fundi aliyecheka hakuwa na habari hizo.

Kabla ya maji kuna jambo la kufa na kupona, na hapa wadogo zangu nawaomba mweke kalamu chini mnisikilize. Tyubu ya picha hushika chaji hata baada ya kuzimwa, mara nyingine kwa siku kadhaa. Kioo chake kina utando wa grafiti ndani na nje, na kioo kiko katikati. Hiyo ni kapasita kamili, na kubwa. Chomoa plagi ukutani. Chukua bisibisi yenye mpini mrefu wa plastiki, funga waya kwenye chuma chake, na ncha ya pili ya waya uifunge kwenye ule msuko wa waya unaozunguka mgongo wa tyubu. Mkono mmoja uweke nyuma ya mgongo wako. Kwa mkono wa pili penyeza bisibisi chini ya kikombe cha mpira kilichoko ubavuni mwa tyubu mpaka iguse chuma. Utasikia mlio mdogo, au hutasikia kitu. Ngoja dakika chache, rudia. Ile kapasita kubwa ya sehemu ya umeme nayo imalizwe chaji kwa kutumia rezista. Na shingo ya tyubu isigongwe. Ndani hamna hewa, na kioo hupasuka kwa kishindo. Mwanafunzi asifanye haya peke yake, hata akiwa wa kwanza darasani.

Bodi ikishatolewa, ipige picha pande zote, na kila kizungushio cha kurekebishia picha ukitilie alama ya kalamu mahali kilipo, kwani brashi itavisogeza. Lebo za karatasi zifunike. Bodi nyingi za wakati ule ni za karatasi iliyogandishwa kwa resini, ambayo hunywa maji. Kwa hiyo usiiloweke usiku kucha kama maharagwe. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo, brashi laini ya meno au ya rangi. Anza pale penye flaibaki, ile transfoma nyeusi inayozaa volti kubwa, kwani hapo ndipo uchafu ulipo mnene. Utando wa moshi utaanza kutiririka kama chai. Mimi sipendi ile desturi ya baadhi ya watu ya kutia bodi katika mashine ya kuoshea vyombo: sabuni yake ni kali, hula alumini, na mashine haina macho ya kuona flaibaki yenye ufa.

Suuza kwa maji mengi ya bomba, kisha umalizie kwa maji yaliyokenekwa ili chumvi za bomba zisibaki. Hapa kwetu hupatikana penye vituo vya mafuta, maji ya kuongezea katika betri za magari. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi nayo wapo wanaoiita maji ya betri.

Wengi huharibu kazi baada ya hapo, kwa haraka. Bodi huonekana kavu baada ya saa moja, na huo ni uongo wa macho. Maji hujificha chini ya flaibaki, ndani ya koili, ndani ya vizungushio na chini ya soketi, na huko hayana njia ya kutoka ila kwa mvuke. Yule fundi mzee alikuwa akiikung'uta bodi, akaipuliza kwa hewa ya kompresa, akaimwagia alkoholi ya isopropili, ambayo huchanganyika na maji na kuyachukua inapokauka. (Alkoholi hiyo hushika moto, ifanyieni nje, mbali na jiko na sigara.) Halafu aliisimamisha kwa ubavu mbele ya feni, siku ya pili akaigeuza juu chini, na hakuigusa kabla ya siku tatu kwisha. Nilipomwuliza kama siku mbili hazitoshi, alinionyesha flaibaki iliyotoboka. Ukitumia joto, lisipite nyuzi 50 hivi, na oveni ya kupikia chakula iacheni kwa chakula. Jua la asubuhi linafaa sana. Kwa wanaokaa pwani, ambako hata chumvi ya mezani hulowa, mimi ningesema wiki nzima.

Ikikauka, ndipo utafute nyufa kwa kioo cha kukuzia, ulehemu upya, ubadilishe kapasita zilizovuja. Watu huniuliza kwa nini tusibadilishe kapasita kwanza. Za zamani zitaondoka hata hivyo, basi na zilowe zenyewe.

Wapo watakaosema kazi yote hii ni ya nini, na skrini bapa zimejaa madukani. Ni kweli, na ndiyo maana tyubu zimeadimika: skrini bapa ziliteka soko katika miaka ya 2000, na viwanda vya tyubu vikafungwa kimoja baada ya kingine. Ukiunguza flaibaki leo, utaitafuta ya pili kwa watu wenye mashine zilizokufa. Lakini kwa shule yetu hesabu ni rahisi zaidi. Osiloskopu mbili ni wanafunzi wengi kuona wimbi la sauti kwa macho yao, badala ya kulichora ubaoni kama tulivyofanya sisi.

Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mtumishi wa serikali, na najua orodha ya vifaa chakavu haifutwi kwa maneno ya mgeni. Naomba tu Kamati isogeze tarehe ya kutupa kwa wiki sita. Alkoholi, feni na maji yaliyokenekwa nitavigharimia mimi. Bodi mbili nilizokuja nazo ziko pale mezani karibu na mlango, moja imeoshwa na moja bado, na vijana wanaweza kuzishika, kwani hazina umeme wowote.